Pengo la Hamidu

Miche ilikuwa mirefu, na urefu huo ndio uliokuwa unamnyima Swaumu raha.

Kila aliyeingia uani kwake Ipagala aliisifu. Waliokuja kununua miparachichi na milimao walijikuta wanaitazama ile mingine, miche ya mikongo, miti ya mbao ya msituni, isiyouzwa, iliyojipanga kwenye viriba chini ya kibanda cha neti nyeusi nyuma ya nyumba, wakasema mama huyu ana mkono wa kuotesha. Dorkasi, jirani wa ukuta mmoja, aliipiga picha akaituma kwenye kundi la kwaya yake. Lakini asubuhi moja ya Desemba ulipita upepo, upepo wa kawaida tu wa Dodoma unaokokota vumbi na mifuko, na Swaumu akaona mche mmoja unainama, unaendelea kuinama, mpaka ukalala juu ya mwenzake. Akausimamisha kwa kidole. Akaachia. Ukalala tena.

Akachutama kuutazama vizuri. Shina lilikuwa jembamba kama mrija wa soda, kijani kilichopauka. Jani la chini na jani la juu yalikuwa mbali mbali, kana kwamba mche ulikuwa unapanda ngazi kwa kuruka vidato. Akagusa mwingine, na mwingine. Yote vile vile. Na miche hii haikuwa ya biashara. Hii ndiyo iliyokuwa imeshikilia mizinga ya baba yake.

Swaumu ni Mrangi wa milimani huko Kondoa, aliyeletwa Dodoma na ndoa na kubakizwa na ujane. Kazi ya kuotesha miche aliianza na makopo ya maziwa dirishani, ikakua mpaka ikajaza ua. Ni mwanamke mfupi, anayecheka kwa pua bila kufungua mdomo, na anayeongea na watu kwa Kiswahili na mimea yake kwa Kirangi. Kwao, juu ya kijiji, kuna msitu wa miyombo ambamo kila ukoo una miti yake ya kutundikia mizinga ya nyuki. Baba yake alitundika mizinga yake humo tangu ujanani, na alipofariki ikabaki juu, nyuki wakiingia na kutoka kama kawaida. Huko kwao mzinga haushushwi ovyo. Unashushwa pale tu nyumba inapokwisha, pasiwe na aliyebaki wa kurina asali. Kushushiwa mizinga mkiwa hai ni kama kusomewa hitima huku mmekaa mkekani mnasikiliza.

Aliyewafikisha kwenye ukingo wa aibu hiyo ni mdogo wake, Hamidu. Kiangazi kilichokuwa kimetoka tu kupita aliingia msituni akakata miti, akachoma mkaa, na moshi ukamchongea. Kijiji kikakutana. Kamati ya msitu, ambayo mwenyekiti wake ni Mzee Hassani, ikatoa neno lake: pengo alilolifungua Hamidu lifunikwe na miti iliyo hai na inayokua. Mvua zikikaribia kukatika kamati itapanda kukagua. Ikikuta pengo bado ni pengo, mizinga yote ya familia ile inashuka, na mama yao mzee atakuwepo kuona.

Siku ile Swaumu alisimama mbele ya watu akasema miche waachie yeye. Alisema haraka, kabla hajaipima ahadi yenyewe, na tangu hapo akawa analala nayo na kuamka nayo.

Sasa sikia alivyokosea. Miche yake ya kwanza kabisa ya mikongo, ile aliyojaribu kabla ya hii, iliungua yote kwa jua la Oktoba. Mtu anayeishi Dodoma hahitaji kuelezwa jua ni nini. Hapa kivuli ni huruma. Hata mbuzi anajua kujibanza ukutani saa saba. Kwa hiyo alipozika tena zile mbegu nyeusi zenye kofia nyekundu, Swaumu aliweka neti, akaona haitoshi, akaweka neti ya pili juu ya ya kwanza. Joto lilipozidi akatandaza na khanga kuukuu juu yake. Alikuwa kama mama anayemvika mtoto masweta mpaka mtoto hawezi kukunja mikono. Na miche ikapanda, ikapanda, naye akafurahi akidhani inakua.

Kilichomfumbua macho ni uharibifu wa paka. Paka wa Dorkasi alikuwa na mchezo wa kulala juu ya kibanda, na kona moja neti zote mbili zilichanika kwa kucha zake. Swaumu alikuwa amemtukana paka yule mara nyingi. Sasa akiwa amechutama pale, akageuza macho kwenye kona ile iliyochanika. Miche ya pale ilikuwa mifupi. Mifupi ya kukatisha tamaa ukiisimamisha na mingine. Lakini mashina yake yalikuwa manene, yenye rangi ya udongo chini, na majani ya kijani kilichokolea, yamekaribiana. Akaisukuma kwa kiganja. Ikarudi mahali pake.

Mbegu zile zile, siku ile ile, maji ya ndoo ile ile. Akachana kiriba cha mche mmoja mrefu kuona chini kuna nini, akakuta mzizi mfupi kama mkia wa panya. Akachana cha mche mfupi, akakuta mzizi umeshuka mpaka chini na kujizungusha ukitafuta pa kutokea. Basi akaelewa, na kuelewa kwenyewe kukamtisha zaidi. Ile miche mirefu haikuwa na afya, ilikuwa inakimbia. Ilikuwa gizani, ikajua mwanga uko juu mahali fulani, ikatumia kila ilichokuwa nacho kuufuata, isibakize kitu cha kunenepesha shina wala cha kupeleka chini. Na pengo la Hamidu liko mlimani, kwenye upepo, na jua linaloanza kupiga tangu asubuhi.

Mtu mwenye hofu hufanya jambo moja haraka mno. Swaumu alipanda kwenye kigoda akavuta neti zote akazitupa chini. Alasiri aliporudi kutoka sokoni Majengo, alikokwenda kuchukua viriba vipya, majani ya juu yalikuwa meupe, meupe hasa kama karatasi, na kingo zimejikunja. Dorkasi alikuwa amesimama pale ameshika kiuno. Yeye ni Mgogo, na utani wa Mgogo na Mrangi hauchagui siku ya msiba.

"Nyie watu wa mlimani," akasema, "jua mnaliogopa kama polisi, halafu mkiamua kulizoea mnalinywa lote kwa siku moja."

"Niache, Dorkasi. Leo niache."

Dorkasi akamtazama usoni, utani ukamwisha. Akapanda yeye kwenye kigoda.

Walirudisha neti moja tu. Tangu siku hiyo ikawa kazi yao: asubuhi jua likiwa bado pole, neti inakunjwa, likishika makali, inafunikwa. Kila baada ya muda Swaumu aliiacha wazi kidogo zaidi, akakaa pembeni akitazama majani kama mtu anayetazama sufuria ya maziwa. Miche mingine ilikauka kuanzia ncha. Mingine ikaangusha majani yote halafu, ulipokwisha kuikatia tamaa, ikatoa kijani kipya chini ya shina, kinene, kifupi. Huku Hamidu anapiga simu. Mvua zimeanza, dada. Mvua zimekolea, dada. Watu wamepanda mahindi yameshatoka, wewe unakuja lini? Swaumu akawa hapendi tena kusikia simu ikilia.

Alipoona hawezi kungoja zaidi, alichagua ile iliyoweza kusimama yenyewe, kama nusu ya yote, akaipakia kwenye kirikuu, kigari cha mizigo, kwenda Kondoa. Dorkasi alibaki na ufunguo wa geti na mpira wa maji, akamwambia miparachichi yake ataikuta, asiwe na hofu nayo, aende akahofie mambo makubwa.

Mama yao alimpokea mlangoni akamshika mikono yote miwili. Hakuuliza kuhusu miche. Mama huyu alikuwa hajamtamkia Hamidu neno tangu siku ya mkutano. Akitaka kumwagiza maji alimwambia kuku. Hamidu naye alikuwa amekonda, ila siku hiyo alikuwa na uso wa mtu aliyetunza habari njema.

"Twende dada ukaone," akasema. "Nimekusafishia."

Pengo liko mbali kidogo na kijiji, kwenye mabega ya mlima. Unatembea ndani ya miyombo, mwanga umechujwa na majani, ardhi ina baridi, halafu ghafla unatokea mahali peupe na jua linakupiga machoni. Swaumu alisimama pale mpaka macho yakazoea. Upande wa kulia wote ulikuwa umefyekwa na kulimwa. Hapakuwa na jani. Udongo mwekundu ulikuwa umelainishwa kama shamba linalongoja mbegu, na takataka zote zimekusanywa pembeni kwenye lundo. Upande wa kushoto Hamidu alikuwa hajaufikia. Nyasi zilisimama kiunoni.

Kwa mkulima, shamba safi ndiyo heshima ya mtu. Anayepita njiani hakuulizi umepanda nini, anatazama magugu. Hamidu alikuwa amefanya kile ambacho kila mtu wa kijiji kile angefanya, na alikuwa amefanya vizuri. Swaumu alifungua mdomo amsifu. Ndipo alipoliona lundo.

Kulikuwa na nyasi ndani yake, ndiyo, na miiba. Lakini kulikuwa pia na vijiti vyenye majani ya miyombo yaliyokauka, na majani ya mninga. Akavuta kimoja. Kilikuwa kijiti cha urefu wa mkono, cha kijani, laini. Lakini pale chini kilipokatiwa kwa jembe kilikuwa na fundo gumu kama ngumi, lenye makovu ya vijiti vingine vingi vya zamani vilivyowahi kuota hapo na kufa.

Akatoka kwenye pengo akarudi kivulini, chini ya miti mikubwa, akainama. Vilikuwepo kila mahali, mtu asipotafuta havioni: vitoto vya miyombo vinavyomfika gotini, kila kimoja na majani machache tu, yaliyotandazwa bapa kama viganja vinavyokinga maji. Alikumbuka kuviona utotoni alipokuwa akija na baba yake kurina. Vilikuwa hivi hivi, gotini. Akajiuliza kama vinaweza kuwa vile vile vya siku zile. Akaona ni wazimu, mti gani unakaa miaka yote hiyo bila kukua. Lakini akaendelea kujiuliza.

Akarudi kwenye pengo, akaingia upande wa kushoto, akapasua nyasi kwa mikono. Vilikuwepo na humu. Mafundo yale yale chini. Ila humu, kutoka kwenye kila fundo, palikuwa pametoka fimbo mpya iliyonyooka, yenye majani mekundu machanga, imempita kiuno, nyingine inamkaribia kifua. Zote za mvua hizi.

Akasimama katikati ya nyasi. Kumbe msitu ulikuwa umeshapanda watoto wake zamani sana, ukawaweka gizani, nao wakakaa wakila kidogo, wakijilimbikizia chini, wakingoja mkubwa mmoja aanguke ili mwanga uwafikie. Hamidu alipokata, mwanga ulishuka. Watoto wakaanza kuinuka. Na Hamidu huyo huyo, kwa nia njema kabisa, akarudi na jembe akawafagia.

"Hamidu, upande huu usiuguse."

"Vipi tena?"

"Hii ni miti. Tazama."

Hamidu alitazama, akacheka kidogo kama mtu anayedhani anataniwa. Akasema hayo ni machipukizi, ni pori tu, kila mahali yapo. Swaumu akamwonesha fundo. Hamidu akalipokea, akaligeuza, na Swaumu akaona uso wake unabadilika kidogo kidogo, kutoka kubisha mpaka kuogopa.

"Dada, Mzee Hassani akikuta nyasi kiunoni hapa, atasema tulilala."

"Najua."

"Atashusha mizinga."

"Najua, Hamidu. Na kama mimi nimekosea, ni mimi nitakayekuwa nimeishusha. Unafikiri silijui hilo?"

Walipanda mikongo upande uliolimwa. Walichimba mashimo mapana, wakachomeka matawi yenye majani upande wa magharibi wa kila mche ili jua la alasiri lisiupige moja kwa moja. Upande wa kushoto wakaacha nyasi. Kila jioni Hamidu aliposhuka, watu wa kijijini walimuuliza lini anamalizia shamba lake, naye akawa anajibu kwa kikohozi. Swaumu alirudi Ipagala na wasiwasi wake. Kwenye simu alimuuliza Hamidu jambo moja tu: inasimama? Naye Hamidu akawa anajibu kwa namna ambayo haikumpa usingizi. Mingine, dada. Mingine inasimama.

Machi kamati ikatangaza siku yake. Swaumu akapanda basi la Kondoa, akafika, na siku ya ukaguzi wakapanda mlima wote: Mzee Hassani mbele na fimbo yake, wajumbe nyuma, na Emiliana, bibi misitu wa kata, binti mwembamba aliyevaa buti kubwa kuliko miguu yake. Mama yao naye alitaka kuwepo. Wakampandisha kwa punda.

Njiani Swaumu aliwaza jambo ambalo alishangaa hakuwa ameliwaza mapema. Akishawaonesha ile miti ya kushoto, akishawaaminisha kwamba ni miti kweli, mtu yeyote mwenye akili atageuka kulia na kuuliza: mbona upande huu haipo? Jibu lilikuwa moja tu. Hamidu alikata miti mikubwa, akasamehewa kwa sharti. Halafu akakata na midogo. Anaweza kunyamaza, akaonesha mikongo peke yake, na nyasi zikabaki nyasi. Au anaweza kusema.

Walitokea kwenye pengo. Upande wa kulia mikongo ilisimama kwa mapengo kama meno ya mtoto: hapa upo, hapa kijiti kikavu, hapa upo, hapa na hapa hamna. Iliyokuwepo ilikuwa hai, ya kijani, lakini mbali na kufunika kitu. Upande wa kushoto nyasi zilikuwa zimeshapita kiuno.

"Hapa mlipumzika," akasema mjumbe mmoja, na wenzake wakacheka kwa chini.

Mzee Hassani hakucheka. Alipita katikati ya mikongo akihesabu kimoyomoyo, midomo inacheza. Alipomaliza alirudi akasimama mbele ya Swaumu na sura ya mtu asiyeipenda kazi yake.

"Binti yangu, jitihada naiona. Pengo nalo naliona."

Swaumu alimtazama Hamidu. Hamidu alikuwa anatazama ardhi. Akamtazama mama yake juu ya punda. Kisha akaingia kwenye nyasi, akaziegemea kwa mgongo, akazishikilia kwa mikono yote miwili kama anafungua pazia.

"Shikamoo tena, Mzee wangu, na nisamehe. Njoo uone na huku."

Ndani ya nyasi fimbo zilikuwa zimekuwa miti. Nyembamba bado, lakini zimempita Swaumu kichwa, zimesimama bila mtu kuzishika, na kila aliposogeza nyasi zilionekana nyingine. Wajumbe wakaingia mmoja mmoja. Vicheko vikakoma. Lakini yule mjumbe mcheshi alikuwa na neno, na lilikuwa neno zito: hii ni miti ya Mungu. Familia hii iliambiwa ipande, haikuambiwa ikae ingoje Mungu awapandie. Akiruhusiwa huyu, kesho kila mkata mkaa atasema msitu utaota wenyewe. Kadhaa wakaitikia, na kwa kweli hata Swaumu aliona mtu huyu hajakosea.

Emiliana alikuwa amepiga magoti. Alifukua kwa kisu chini ya mti mmoja mpaka fundo likatokea, akalifuta udongo kwa kidole gumba, akasema kwamba hili si la mwaka huu wala wa juzi. Mti huu umekaa kivulini muda mrefu, pengine tangu yeye hajazaliwa. Kila kiangazi kijiti kinakufa, kila mvua unatoa kingine, na akiba yote unaiweka hapa chini. Ukipata mwanga, unaitumia. Ukikatwa hapa juu utajaribu tena. Ukichimbwa na fundo lake, basi. Alisema yeye mwenyewe aliyasoma darasani, ila kuliona fundo kubwa namna hii ni mara yake ya kwanza, na hakuficha furaha yake.

Mzee Hassani akageuka kulia, polepole. Akatazama udongo uliolimwa.

"Na huku ilikuwepo?"

Huo ndio wakati wenyewe. Aliyejibu ni Hamidu.

"Ilikuwepo, Mzee. Niling'oa mimi. Nilidhani nasafisha." Akamwonesha Swaumu kwa kidevu. "Dada ndiye aliyenizuia huku. Bila yeye ningemaliza pote, mje mkute pamefagiliwa."

Mjumbe mcheshi akafungua mdomo, Mzee Hassani akainua fimbo kidogo, mdomo ukafungwa. Mzee alikaa kwenye kisiki, kimojawapo cha vile alivyoviacha Hamidu, akakaa hivyo mpaka punda akaanza kula nyasi. Alipozungumza alisema kwa sauti ya chini ambayo iliwalazimu wote wasogee. Alisema hata yeye angesafisha. Angeleta na wanawe wamsaidie. Shambani kwake kila mwaka anang'oa mafundo kama hayo na kuyalaani.

Kisha akatoa neno. Mizinga ibaki juu. Lakini familia hii haitarina, wala yeye Hamidu, wala mtoto wa Hamidu, mpaka upande wa kulia ushikane kimo na upande wa kushoto. Nyuki watakula asali yao wenyewe. Na Hamidu ndiye mlinzi wa pengo. Ikionekana hapa alama ya panga, isemwe ni lake.

Haikuwa ushindi. Swaumu alijaribu kupima ni mvua ngapi zitapita mpaka mkongo mmoja uufikie mwombo uliokwisha kulimbikiza chini maisha yote, akaacha kupima. Huenda mama yao asiionje tena asali ile. Lakini mizinga ilikuwa juu, wajumbe walikuwa wanashuka, na nyuki walikuwa wanaingia na kutoka.

Mama alibaki juu ya punda, akitazama lile shamba jekundu. "Hamidu," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu jina hilo kutoka kinywani mwake, "nishushe. Mgongo unauma."

Hamidu alimshusha kama anashusha chungu kilichojaa.

Wakabaki watatu. Swaumu aliona kwamba nyasi kutoka kushoto zilikuwa zimeanza kutambaa kulia, na mche mmoja wa mkongo ulikuwa umeshafunikwa nusu. Akapiga magoti akaukagua. Jani la chini mbali na jani la juu. Ulikuwa umeanza kukimbia tena. Akachukua panga la Hamidu, akakata nyasi upande wa mashariki, kidogo, akasimama akatazama mwanga unavyoangukia majani. Akakata kidogo tena. Upande wa magharibi, jua la alasiri linakopigia, akaacha.

"Inatosha hivyo?" Hamidu akauliza.

"Sijui," akasema Swaumu. "Pengine nimekata sana. Kesho tupande tuutazame kabla jua halijawa kali."

Akasogea kwenye mche unaofuata.